Wingu lilipopita juu ya kompyuta yangu

Nimepotea kidogo humu, najua. Nilikuwa kijijini kikazi, mahali pasipo na hata nguzo moja ya umeme, na nimerudi na kisa.

Niliondoka na ile kompyuta niliyopewa na mzee mmoja, mwandishi mstaafu. Ni TRS-80 Model 100, toleo la mwaka 1983. Kioo chake kina mistari 8 tu, kila mstari herufi 40, na hakina taa ndani, kwa hiyo ukitoka nje kwenye mwanga ndipo unaposoma vizuri. Waandishi wa habari wa Marekani waliipenda sana miaka ya 80, kwani betri 4 za AA, hizi hizi za dukani, zinaiendesha kwa saa kama 20. Laptop yangu ya kazini inataka chaja ya wati 65. Hii haifiki hata wati 1!

Nikajiuliza: kama inakula kidogo hivi, ya nini kununua betri kila mara na jua lipo la bure? Nikabeba paneli ya wati 10 nikaenda kwa fundi redio.

Fundi akanionyesha mitego miwili. Kwanza, paneli inayoitwa ya volti 12 inaweza kutoa karibu volti 20 jua la mchana likiwa kali na hujaunganisha kitu. Kompyuta inataka volti 6. Ukiziunganisha moja kwa moja, umeua. Akaweka regulata aina ya 7806 ya kushusha umeme hadi 6. Pili, pini ya kuchajia. Chaja nyingi za siku hizi zina chanya katikati na hasi pembeni. Model 100 ni kinyume chake. Fundi akapima kwa mita mara mbili, tukachomeka, ikawaka. Nikatoa zile betri za AA nikaziacha nyumbani. Za nini tena?

Jamani, mtego wa tatu ndio ulioninasa.

Siku ya pili kijijini nilikaa chini ya mwembe na bibi mmoja ambaye mafuriko yalichukua nyumba yake na mjukuu wake. Paneli nimeiegemeza juani, waya umekuja hadi kivulini. Alisimulia kwa saa nzima, mimi naandika. Alikuwa ananyamaza, anaangalia mtoni, kisha anaendelea. Sikutaka kuwasha kinasa sauti cha simu, niliona kingemfunga mdomo.

Halafu wingu likapita. Kioo kikafifia, kikazima. Jua liliporudi nikawasha, nikakuta BASIC, TEXT, TELCOM, ADDRSS na SCHEDL, yaani programu 5 za kiwandani peke yake. Faili langu halikuwepo.

Mashine hii haina diski ndani. Maandishi yote yanakaa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme muda wote, hata ukiizima. Kuna betri ndogo imeunganishwa ndani kwa kazi hiyo, inayojichaji yenyewe. Lakini ya kwangu ilikuwa imekufa kwa uzee, na mimi sikuwahi kuikagua. Za AA ndiyo hivyo tena, ziko nyumbani.

Kesho yake nikarudi na daftari. "Shikamoo bibi." "Marahaba. Si nilishakwambia yote jana, mjukuu wangu?" Nikamweleza ukweli. Akacheka kidogo, akasimulia tena, lakini kwa dakika kumi. Yale ya kunyamaza na kuangalia mtoni hayakurudi. Habari nimeiandika, imetoka, lakini mimi najua kilichopungua.

Sasa nimebadilisha mpango. Fundi amenibadilishia ile betri ya ndani. Nina seti mbili za betri za AA za kuchaji: seti moja iko ndani ya kompyuta, nyingine iko kwenye chaja inayolishwa na paneli. Kila moja ni volti 1.2, nne zinafika 4.8, na mashine inazikubali bila shida. Wingu likipita, kinachochelewa ni chaja tu.

Jua lilishe betri, betri ilishe kompyuta. Na daftari liwe mkobani, hata kama una mashine gani.

Haya, tuonane wiki ijayo.