Mji wa Udongo Unaoogopa Mvua

Mwezi huu tunawapeleka mbali, nchini Peru, Amerika ya Kusini. Karibu na mji wa Trujillo kuna magofu ya Chan Chan, mji mkuu wa kale wa watu wa Chimú. Ulijengwa kwa tofali za udongo, kama nyumba zetu hapa kambini, nao umeenea kilomita za mraba 20 hivi. Kuta zake zimechongwa samaki na ndege.

Pale ni jangwa, mvua ni haba sana. Lakini El Niño ikija, kama mwaka 1998 na 2017, maji yanamomonyoa kuta. UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1986 na, mwaka uleule, kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Mafundi wanafanyaje? Wanaezeka paa juu ya kuta zenye michoro, wanachimba mifereji, wanakandika udongo mpya vichwani mwa kuta. Maji ya ardhini nayo wanayapunguza, maana yanapanda na chumvi.

Basi ndugu zetu, ukuta wa udongo huharibikia juu na chini. Kabla ya masika tuzibe shitingi zilizotoboka, tuzibue mifereji, tukandike upya. Nyuma ya ukuta huo wamelala watoto.