Ronda na Waongozaji Wake

Ronda ni mji wa mkoa wa Málaga, kusini mwa Hispania, uliojengwa juu ya jabali katikati ya milima, zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari. Mto Guadalevín umelipasua jabali hilo vipande viwili na kuacha korongo ambalo wenyeji huliita El Tajo. Kusini mwa korongo uko mji wa kale, La Ciudad, ambao nyumba zake za mwisho zimesimama ukingoni kabisa mwa genge. Kaskazini uko El Mercadillo, mtaa wa soko uliokua baada ya mji kutwaliwa na wafalme Wakristo mwaka 1485. Pande hizo mbili zinaunganishwa na daraja refu la mawe, Puente Nuevo. Kutoka jiji la Málaga hadi hapo ni kiasi cha kilomita 100, kutoka Sevilla kiasi cha 130, na kutoka Marbella, iliyo pwani, ni kama 60 tu. Mgeni aliyelala katika mojawapo ya miji hiyo anaweza kukodi gari asubuhi pamoja na mwongoza watalii wake peke yake, akaizunguka Ronda, akarudi alikotoka kabla ya chakula cha usiku.

Jambo hilo, ambalo siku hizi hupangwa kwa simu, halikuwezekana kwa karne nyingi. Jabali ni lile lile. Kilichobadilika ni njia ya kulifikia, na kazi ya yule anayemtangulia mgeni: zamani alikabidhiwa roho ya msafiri, baadaye mizigo yake, kisha saa yake. Sasa anakabidhiwa jambo gumu zaidi, nalo ni kuamua mgeni aone nini kwanza na nini baadaye.

Msafiri wa kale wa Ronda ambaye watu wa Pwani ya Afrika Mashariki wanamfahamu zaidi ni Ibn Battuta, yule yule aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Karibu miaka ishirini baadaye alivuka bahari kutoka Moroko, akapitia Gibraltar, akapanda milimani hadi Ronda, ambayo wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wamarini, watawala wa Fez. Aliisifu kuwa miongoni mwa ngome za Waislamu zilizo imara zaidi na zilizokaa mahali pazuri zaidi. Hakuwa mgeni kabisa, maana kadhi wa mji alikuwa binamu yake, mtoto wa ami yake. Alikaa siku chache kisha akateremka Marbella kwa njia aliyoiona ngumu kupita kiasi. Kutoka hapo alitaka kufuatana na wapanda farasi waliokuwa wakienda Málaga, lakini wao walitangulia, na huko mbele wakavamiwa na maadui walioshuka kutoka merikebuni. Ibn Battuta aliukuta mzoga wa farasi na tenga la samaki lililobwagwa njiani, akaelewa kilichotokea. Katika nchi ya namna hiyo, kupata mwenza wa safari ilikuwa sharti la kubaki hai.

Hali hiyo haikuisha upesi. Hata katika karne ya 19 milima ya Ronda ilisifika kwa wanyang'anyi na kwa wafanya magendo waliopandisha tumbaku kutoka Gibraltar kwa njia za vichochoro. Maofisa wa Kiingereza wa ngome ya Gibraltar walipenda kwenda Ronda kwenye maonyesho ya mifugo ya mwezi Mei. Safari ilikuwa ya siku mbili juu ya farasi na baghala, na usiku mmoja walilala Gaucín, mji mwingine uliokaa juu ya mlima. Mwongozaji wao alikuwa mwenye baghala. Alijua kisima kipi hakikauki, nyumba ya wageni ipi ina kunguni wachache, na mtu gani wa kusalimiwa njiani kwa heshima ili msafara upite salama. Mara nyingi mwenye baghala na mfanya magendo walikuwa mtu mmoja, na hiyo ndiyo iliyomfanya awe mwongozaji mzuri. Richard Ford, Mwingereza aliyeizunguka Hispania miaka ya 1830, aliingiza njia hizo katika kitabu chake cha mwongozo kwa wasafiri kilichotoka mwaka 1845. Tangu hapo, Ronda ikawa mahali ambapo mgeni alifika akiwa ameshasoma habari zake.

Reli ilivunja mazoea hayo yote. Njia ya treni kutoka Algeciras hadi Bobadilla, iliyojengwa kwa fedha za Waingereza, ilikamilika mwaka 1892, na siku mbili za baghala zikageuka safari ya saa chache. Mwaka 1906 ikafunguliwa hoteli ya Reina Victoria ukingoni mwa genge, upande wa Mercadillo, kwa ajili ya wageni hao hao wa Gibraltar. Mshairi Rainer Maria Rilke alikaa humo majira ya baridi ya 1912 hadi 1913. Wakati huo mwongozaji alikuwa kijana aliyengoja stesheni, akabeba masanduku, na akiombwa akamwonyesha mgeni mandhari. Wageni wengi walikaa wiki nzima au zaidi, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kuwapangia siku. Walitembea wenyewe mpaka mji ukawazoea.

Safari ya siku moja hasa ilizaliwa na pwani. Tangu miaka ya 1960, vijiji vya wavuvi vya Costa del Sol vikageuka safu ya mahoteli, na ndege zikashusha maelfu ya watalii Málaga. Barabara inayopanda kutoka San Pedro de Alcántara, yenye kona baada ya kona kwa karibu kilomita 50, ikatengenezwa ili mabasi makubwa yaweze kupita. Ronda ikawa kitu cha kufanya siku ambayo mgeni amechoka kulala ufukweni. Mwandishi wa kumbukumbu hii aliingia mjini mara ya kwanza kwa basi la namna hiyo. Kundi lilishushwa nje ya mji wa kale, likatembezwa nyuma ya mwavuli ulioinuliwa juu, likasimamishwa darajani kupiga picha, likaingizwa uwanja wa mafahali, likapelekwa kula, kisha likapewa muda wa kununua vyungu na kofia. Korongo lilionekana kwa juu tu, kupitia vyuma vya ukingo wa daraja. Mwongozaji alikuwa hodari na mcheshi, lakini nusu ya maneno yake yalikuwa saa: saa ya kukutana, saa ya kuondoka, saa ambayo basi halitangoja mtu. Aliyepanda jabali lile kwa basi alirudi akiwa ameona daraja asijue limesimama juu ya nini.

Safari ya faragha, ya gari dogo na mwongozaji mmoja kwa familia moja au marafiki wachache, imeenea zaidi baadaye. Tofauti yake kubwa na safari ya basi ni mpangilio, maana starehe ya kiti ni jambo dogo. Mwongozaji mwenye kibali cha serikali ya Andalusia anajua kwamba mabasi huanza kumwaga watu karibu na saa nne asubuhi na kwamba adhuhuri daraja halipitiki vizuri. Kwa hiyo huanza chini. Kutoka uwanja wa María Auxiliadora kuna njia ya miguu inayoteremka kwa kuzungukazunguka hadi mahali ambapo daraja lote linaonekana, kuanzia maji hadi barabara. Mwandishi aliporudi Ronda kwa safari ya namna hii, hapo ndipo alipolielewa. Kutoka juu, Puente Nuevo ni barabara fupi tu. Kutoka chini ni ukuta wa mawe wa mita 98 uliopandishwa kutoka sakafu ya korongo, rangi yake na ya jabali ni moja, kiasi kwamba jicho halioni upesi kazi ya mto inaishia wapi na kazi ya fundi inaanzia wapi.

Daraja hilo si la kwanza kujengwa mahali hapo. Mwaka 1735 lilijengwa lingine la tao moja, kwa haraka, na mwaka 1741 likaporomoka na kuua watu wapatao 50. Kazi ya daraja la sasa ilianza mwaka 1751 ikaisha mwaka 1793, na aliyeikamilisha ni José Martín de Aldehuela. Juu ya tao la katikati kuna chumba ambacho kiliwahi kuwa jela, na leo wageni hukiingia kujifunza namna daraja lilivyojengwa. Hapa ndipo mabadiliko ya waongozaji yanapoonekana wazi kabisa. Wale wa zamani walipenda kusimulia kwamba Aldehuela alianguka korongoni akijaribu kuchonga jina lake kwenye daraja. Ukweli ni kwamba alifia Málaga mwaka 1802. Walisimulia pia kwamba watu wanaotupwa gengeni katika riwaya ya Hemingway ya mwaka 1940 walitupwa Ronda vivyo hivyo, mwaka 1936. Mauaji ya vita vya wenyewe kwa wenyewe yalitokea kweli mjini, nayo yanastahili kusemwa kwa uzito wake, lakini riwaya ni riwaya. Mwongozaji mzuri wa leo huvitenganisha viwili hivyo hata mgeni anapotamani hadithi, na kwa kufanya hivyo huwaheshimu waliokufa kuliko simulizi lolote tamu.

Kutoka chini, safari nzuri hupanda mji wa kale. Kanisa la Santa María la Mayor limekaa mahali palipokuwa msikiti mkuu, na kwenye sehemu ya kuingilia limebaki tao la mihrabu lenye nakshi za plasta. Kwa mgeni Mwislamu kutoka Pwani, kipande hicho kidogo husema mengi kuliko mapambo yote ya dhahabu yaliyo ndani. Hatua chache kutoka hapo kuna mnara mdogo wa msikiti mwingine, uliogeuzwa mnara wa kengele. Mji huu ndio uliomtoa Abu al-Baqa, mshairi wa karne ya 13 aliyeandika ombolezo la miji ya Andalusia iliyokuwa ikianguka mmoja baada ya mwingine. Msomaji aliyelelewa na utenzi wa Al-Inkishafi, na magofu ya Pate uliyoyalilia, hahitaji kufafanuliwa hisia hizo.

Mahali panapodai muda zaidi ni La Mina, njia ya maji iliyochongwa ndani ya jabali karne ya 14, chini ya nyumba inayoitwa Casa del Rey Moro. Ngazi karibu 200 hushuka kwa kupindapinda ndani ya ufa wa mwamba. Ukuta hutoka jasho, kidato kimelika katikati, na mwanga huingia kupitia matundu membamba tu. Chini kabisa kuna mlango unaofunguka kwenye mto, na maji ya kijani yametulia kati ya kuta mbili za mwamba. Mateka walipangwa kwenye ngazi hizo wakipokezana viriba hadi juu. Anayepanda bila mzigo hufika juu akitweta, na hapo tu ndipo huanza kukisia hali ya mtu aliyepanda na kiriba siku baada ya siku. Mwezi Mei 1485, jeshi la Mfalme Ferdinand lilipouzingira mji kwa mizinga na kuukatia maji haya, Ronda ilisalimu amri katika muda wa kama wiki mbili. Kundi la basi haliwezi kuteremka huko, kwa sababu wazee na watoto wa watu 50 hawaendi mwendo mmoja kwenye ngazi zile.

Vilivyobaki hupitiwa haraka zaidi. Hamamu za Kiarabu, chini karibu na madaraja mawili ya kale, zina matundu ya umbo la nyota darini na mabaki ya mfereji ulioleta maji. Uwanja wa mafahali, uliofunguliwa mwaka 1785, una kiwanja cha mita 66 kwa upana, na humo aliwika Pedro Romero, mpigana na mafahali. Mgeni asiyependa mchezo huo bado anaweza kuustahi ufundi wa nguzo zake. Siku hizi imefunguliwa pia njia ya kupita kando ya mwamba chini ya daraja, ambayo wageni huipita wakiwa wamevaa kofia ngumu.

Gari la faragha lina faida moja zaidi, nayo ni kuweza kutoka nje ya mji. Si mbali sana na Ronda, karibu na Benaoján, liko pango la La Pileta. Mkulima José Bullón Lobato aliligundua mwaka 1905 alipokuwa akitafuta kinyesi cha popo cha kurutubisha shamba, akakuta kuta ambazo watu wa kale sana walizichora wanyama, pamoja na samaki mkubwa wa rangi nyeusi. Uzao wake ndio ulioendelea kulitunza na kuwaongoza wageni. Huingia vikundi vidogo kwa nafasi zilizowekwa mapema, na picha haziruhusiwi. Anayetaka kuiona Pileta na Ronda siku moja hana budi kuondoka pwani alfajiri, na kukubaliana na mwongozaji kabla ya kuwasha gari ni kipi cha mjini kitaachwa.