Nilivyoitwa shushushu Mbamba Bay

Msomaji wangu, umewahi kuitwa jasusi? Mwenzio nimeitwa, tena nikiwa na kaptura na ndala, nimekaa kwenye mchanga wa Mbamba Bay, sahani ya usipa wa kukaanga pembeni. Kosa langu lilikuwa redio.

Ngoja nianzie mwanzo. Kuna watu wanakusanya stempu, wengine wanakusanya wapenzi. Mimi nakusanya stesheni. Nina redio ndogo ya masafa mafupi, waya wa mita kumi, spika za masikioni na daftari. Nikisikia sauti nisiyoijua naandika saa, mita bendi na nilichosikia. Washikaji zangu wanacheka: "Wewe una simu ya kisasa, unahangaika na mikwaruzo ya nini?" Nawajibu kwamba simu inakupa unachokitaka, redio inakupa usichokitegemea.

Taabu ya mjini ni kelele. Siyo za baa, nazungumzia za umeme. Chaja za simu, taa za kisasa, televisheni, vyote vinatoa uchafu unaoingia redioni na kufunika sauti za mbali. Ndiyo maana nikapanda basi kwenda Songea, halafu nikachapa kama kilomita mia moja nyingine hadi Mbinga.

Mbinga ni baridi, jamani. Ukishuka na fulana utaomba jaketi kwa konda. Huko ni kwa Wamatengo, watu wa kahawa, na milima yao imechorwa ngoro, yale mashimo ya kilimo yanayoshika maji ya mvua yasiporomoshe udongo. Ukiitazama kwa mbali utadhani mtu kaikalia kitako na kuifuma kama mkeka. Nililala gesti moja, nikatundika waya dirishani. Wapi! Chumba cha jirani kulikuwa na televisheni, redio ikanguruma kama mashine ya kusaga. Kesho yake asubuhi nikateremka ziwani.

Na kuteremka ni kuteremka kweli. Barabara inajikunja, masikio yanaziba, baridi inabaki nyuma, mara unaliona Ziwa Nyasa limelala chini, upana wake hauoni mwisho. Kwa upande wetu jua linazama majini, upande wa Malawi. Wenzetu wa ng'ambo saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo sisi tukisema saa kumi na mbili, wao bado saa kumi na moja. Redio za masafa mafupi hazitaki ugomvi huo, zote zinafuata saa za Greenwich, saa tatu nyuma yetu.

Jioni ndiyo saa ya mavuno. Siri yake ni hii: juu ya anga kuna tabaka lililochajiwa na jua, linaitwa ayonosfia. Mawimbi ya masafa mafupi yanapanda, yanagonga huko, yanarudi ardhini, yanagonga tena, hadi yanazunguka nusu ya dunia. Mchana tabaka la chini linayameza yale ya mita bendi za juu kama 49. Jua likizama, tabaka hilo linapotea na mlango unafunguka. Ukiwa kando ya maji mengi, mbali na nyaya za umeme, unasikia mpaka mtu akikohoa studio.

Basi nikafunga waya kwenye mwembe, nikaanza kuzungusha. Wachina hao, wanazungumza Kiswahili safi. Kurani kutoka Uarabuni. Alama za Morse, ti-ti-taa, ti-taa. Halafu, kama saa mbili na nusu usiku, ikaja sauti ya mwanamke. Haimbi, hatangazi habari. Anasoma namba. Tanotano, kituo kidogo, tanotano tena, kwa lugha niliyodhani ni Kirusi. Nywele zikanisimama. Nikashika kalamu nikawa naandika mabao kwenye daftari, kila namba tano bao moja.

Hizo zinaitwa stesheni za namba. Hazijitaji jina, hazina tangazo la sabuni wala salamu kwa wasikilizaji. Iliyopata sifa sana ilikuwa moja ya Kiingereza iliyoanza na muziki wa wimbo wa zamani wa Lincolnshire, wapenzi wa redio wakaamini inarushwa kutoka Cyprus. Ilinyamaza mwaka 2008. Nyingine ya Urusi, kwenye kilohezi 4625, inalia bzzz, bzzz miaka nenda rudi, mara mojamoja mtu anaingia na kusoma majina na namba.

Siyo porojo za vijiweni. Mwaka 2001 Marekani ilimkamata Ana Montes, mchambuzi wa ujasusi wa jeshi lao, aliyekuwa akiifanyia kazi Cuba. Maagizo alikuwa anayapata kwenye redio ya kawaida, namba zinasomwa, yeye anazifungua kwa kodi aliyopewa. Alitoka gerezani mwaka 2023. Ujanja wake ni kwamba simu inaacha alama, barua inaacha alama, lakini anayesikiliza redio haachi chochote. Hakuna anayeweza kujua ni nani anasikiliza.

Na hapo ndipo kasheshe yangu ilipoanzia. Kama hakuna anayeweza kujua wewe ni nani, basi na wewe huwezi kuthibitisha kwamba siye.

Tochi ikanipiga usoni. Walikuwa vijana watatu, mmoja kajitambulisha kuwa ni mgambo. "Unafanya nini hapa?" Nasikiliza redio. "Redio gani haina muziki?" Akachukua daftari, akaona saa, namba, mabao. Fikiria mwenyewe: mgeni, usiku, mpakani, mbele Malawi, chini kidogo Msumbiji, waya juu ya mwembe, anaandika namba za mwanamke wa Kirusi. Hata mimi ningejikamata. "Huyu shushushu," akasema yule mfupi. Na unajua sisi na jirani zetu hatujamaliza lile jambo la mpaka wa ziwa, tangu mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa mwaka 1890. Watu wa huku hawana utani nalo. Nikaanza kuona maelezo yangu yatakuwa marefu, na usiku utakuwa mrefu zaidi.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyekuja na fimbo yake kuulizia kelele za nini. Nikamwahi, "Shikamoo babu." "Marahaba, mwanangu. Hebu nipe hiyo." Akavaa zile spika masikioni. Akasikiliza dakika nzima bila neno. Kisha akacheka.

"Muacheni huyu," akawaambia. "Sisi tumekua na haya." Akakaa mchangani, akasimulia. Wakati wa vita ya Msumbiji, iliyoanza mwaka 1964, redio moja ilikuwa inasikilizwa na watu ishirini. Frelimo, kilichoundwa Dar es Salaam mwaka 1962, kilipewa nafasi ya kutangaza kupitia Redio Tanzania, pamoja na wapigania uhuru wengine wa kusini. Upande wa pili wa mpaka, kijana aliyekamatwa akisikiliza alikuwa na kesi ya kujibu kwa Wareno. "Walikuwa wanajifunika blanketi na redio," mzee akasema. "Na wewe unataka kumfunga mtu kwa kusikiliza?"

Baada ya uhuru wa Msumbiji mchezo uligeuka. Mwaka 1976 ikazuka stesheni ya Kireno iliyojiita Sauti ya Afrika Huru, ikiitukana serikali ya Samora Machel. Haikusema iko wapi. Ilikuwa inarushwa kutoka Rhodesia, ya Ian Smith. Watu wa Msumbiji wakaibatiza fisi, mnyama wa kulia usiku. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema stesheni za ajabu ni mambo ya Wazungu, mpeleke ziwani.

Daftari langu likarudi. Yule mfupi akaomba kuonjeshwa redio. Mwanamke wa namba alikuwa ameshaondoka, umebaki mvumo tu.

Kesho yake nikaenda Liuli, kaskazini mwa Mbamba Bay, kwa sababu ya maneno aliyoniambia mzee: "Nenda kaone mahali ambapo mtu hakusikia." Wajerumani walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jiwe lililokaa kama yule simba wa Misri mwenye kichwa cha mtu. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita ya Uingereza na Ujerumani ilitangazwa tarehe 4, lakini habari haikumfikia nahodha wake, Berndt. Kwa Waingereza ilifika. Nahodha wao, Rhoades, ambaye alikuwa rafiki yake wa kunywa pamoja, akaja na meli Gwendolen akampiga mizinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alipiga makasia hadi kwa mwenzake akiwaka, akamuuliza kama amelewa. Akaambiwa kuna vita, na yeye sasa ni mfungwa.

Nilisimama pale nikafikiria. Leo tunadhani habari haziwezi kutupita. Lakini wavuvi wa usipa wakienda mbali na taa zao, simu inapoteza mtandao, na upepo wa mwera haupigi hodi. Redio inabaki. Hata hivyo stesheni kubwa zinafunga moja moja: Deutsche Welle ilizima mitambo yake ya Kigali Machi 2015, na mita bendi nilizozikuta zimejaa nikiwa mdogo sasa zina mapengo kama mdomo wa kibogoyo.

Ndiyo maana wenye hobi hii ni muhimu kuliko wanavyochekwa. Januari 2018 Scott Tilley, mtu wa Kanada asiyelipwa na yeyote, alikuwa nyumbani kwake akitafuta satelaiti ya siri ya Marekani. Akakutana na nyingine: IMAGE, ya NASA, iliyopotea Desemba 2005 na kuhesabiwa imekufa. Ilikuwa inaongea peke yake angani, hakuna anayeitika.

Ukitaka kuanza, huhitaji mamilioni. Tafuta redio yenye masafa mafupi, waya mrefu, na sehemu isiyo na chaja. Wenye redio kolu wajaribu megahezi 145.8 kituo cha anga cha kimataifa kinapopita juu, una kama dakika kumi tu. Kusikiliza tu, lakini. Ukitaka kurusha, kachukue leseni TCRA.

Na jambo moja la mwisho, nimejifunza kwa tochi ya usoni: ukifika kijiji cha mpakani, kabla hujafunga waya, nenda kwanza ukamsalimie mwenyekiti.