Nyumba ya Bibi wa Ngong

Ndugu zetu wa Yakobi wajua baridi ya nyanda za juu: si kila zao hulikubali. Hata Kenya, karibu na vilima vya Ngong, bibi mmoja wa Denmark, Karen Blixen, alikaa katika nyumba ya mawe tangu 1917, akilima kahawa. Mahali palikuwa juu mno, kahawa haikuzaa vema. Deni likazidi, na mwaka 1931 shamba likauzwa ili likatwe viwanja.

Je, Wakikuyu waliokaa humo waende wapi? Waliomba wasitawanywe. Bibi akawasemea serikalini, wakapewa ardhi pamoja katika msitu wa Dagoretti.

Tangu 1986 nyumba ni makumbusho. Msomaji, ukifika, uitazame. Uwakumbuke na waliohama.