Sauti Kutoka Kabatini

Kaka,

Wiki nzima nimelala kidogo na kuongea peke yangu sana. Mwenye nyumba sasa ananitazama kwa jicho la kando.

Ni mambo ya masomo. Darasa letu la mipango miji halitaki tena usimame mbele ya watu. Unakaa kwako, unafungua slaidi kwenye laptopu, unabonyeza kitufe, na mashine inanasa vyote viwili: kilicho kwenye skrini na sauti yako. Dakika 10, si zaidi. Ukimaliza unaipakia kwenye mtandao wa chuo, mwalimu anaitazama akinywa chai yake. Nikasema hii ni kazi ya nusu saa. Ilinila siku 4.

Kwanza, chumba changu kina mwangwi kama choo cha shule. Mwenzangu Mnaijeria akaniambia: ingia kabatini, makoti yatameza mwangwi. Kweli yanaumeza. Basi nione, saa kumi na moja alfajiri, kabla wapangaji wenzangu hawajawasha mashine ya kufua: mtoto wa Kaloleni ya Nairobi amejikunja kabatini London, laptopu juu ya sanduku, blanketi kichwani, anawaeleza watu habari za mtaa wetu. Maana mada niliyochagua ndiyo hiyo, Kaloleni.

Siku ya pili, dakika ya saba ya rekodi iliyokuwa nzuri kuliko zote, pembeni mwa skrini ukachomoza ujumbe wa Mama: "Tokeni za stima zimeisha na samaki wako kwenye friji." Ukatua juu ya ramani ya mtaa, pale pale kwenye ukumbi wa jamii. Nikaanza upya. Siku hizi nazima intaneti kabla sijafungua mdomo.

Nilipotuma rasimu, mwalimu alinijibu kwa ufupi: kusoma anajua mwenyewe.

Alikuwa na haki. Nilikuwa nasoma slaidi neno kwa neno, tena kwa sauti ya taarifa ya habari, na wewe unajua niliitoa wapi. Sisi tumelelewa na redio ya Baba: marehemu Leonard Mambo Mbotela akitangaza mpira, huoni uwanja lakini unajua mpira uko miguuni mwa nani. Sasa mtangazaji wa redio anakuazima macho. Mwalimu wangu macho anayo.

Ndipo nikakumbuka kibanda cha muvi ulichonipeleka, upande wa soko la Burma. Kiingilio ashu mlangoni, benchi la mbao, jasho la watu, na sauti ya DJ Afro juu ya filamu ya Kichina. Hakuwa akitwambia kwamba stelingi anakimbia, hilo tuliliona. Alitwambia anamkimbia nani, ugomvi ulianzia wapi, na yule binti anaficha nini. Tulitoka tukibishana juu ya ukoo wa adui, na Kichina hatujui hata salamu. Nusu ya hayo nadhani aliyatunga njiani, jambo ambalo sikulijaribu chuoni. Na ngumi zikianza, alijua kunyamaza. Kampala wana VJ Jingo, Dar es Salaam walikuwa na Lufufu. Ni fani kamili, na wenyewe hawakungoja cheti cha mtu.

Nikafuta slaidi zote za maneno, nikabakiza picha. Ya kwanza ni nyumba ya mawe yenye paa la vigae vyekundu. Rasimu ilisema: hii ni nyumba ya mawe yenye paa la vigae vyekundu. Sasa nikasema: mtaa huu ulijengwa miaka ya 1940 kwa mikono ya mateka wa vita Waitaliano, ili wakae Waafrika waliofanya kazi mjini. Kwenye ramani nikausogeza mshale polepole kutoka ukumbini, pale walipounguruma wanasiasa kina Argwings-Kodhek na Tom Mboya kabla ya uhuru, nikafuata njia zinavyotawanyika kati ya bustani. Nikawaambia wazo hilo la mji wenye bustani ni la Waingereza wenyewe: Ebenezer Howard aliliandika mwaka 1898, na Letchworth, mji wa kwanza wa aina hiyo, ulianza 1903.

Letchworth nilikwenda Jumamosi moja kwa treni. Bustani zao bado ni bustani. Zetu zimeota mabati, kwa kuwa nyumba iliyopimiwa mfanyakazi na familia yake haikuwahesabu wajukuu. Nilipofika kwenye picha ya mabati nyuma ya nyumba yetu, nilinyamaza sekunde tano nzima. Nadhani hapo ndipo kazi ilipoiva.

Nimepata 68 kwa 100. Usicheke, hapa hiyo ni alama nzuri.

Kazi ijayo ni ya dakika 15, na nina shida moja nawe. Jioni watoto wakianza mpira kwenye uwanja wa ukumbi, washa simu, unirekodie sauti tu, dakika moja inatosha. Usiongee juu yake. Na umwambie Mama tokeni nimeshatuma, angalie simu yake.