Nilifuta Windows, nikamfuta na mama

Jamani, nimekuwa kimya wiki mbili na baadhi yenu mmeanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko (bado). Kuna jambo lilinikuta, na leo nina nguvu ya kulisimulia.

Mnaijua ile laptopu yangu. Dell Latitude ya mwaka 2012, nzito kama tofali, betri ilishakufa kwa hiyo bila waya haiwaki. Dada aliinunua alipokuwa chuo, akaniachia nilipochaguliwa. RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 320. Ukiiwasha unaweza kwenda kuchota maji, ukarudi na ndoo, ukaikuta bado inafikiria. Halafu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya TPM 2.0, ambayo bibi kizee huyu hana. Ripoti ya fildi inanisubiri. Ninunue nyingine kwa bumu lipi?

Rumeti wangu anaishabikia Linux kama watu wanavyoshabikia Simba na Yanga. Akasema weka Linux Mint, ile ya Xfce, nyepesi. Kwa wasiojua, Linux ilianzishwa 1991 na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi wa chuo kule Helsinki, anakula mkopo kama sisi tu (hilo la mkopo nimeongeza mimi). Mint imejengwa juu ya Ubuntu, iliyotoka 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo ndilo utu wetu huu huu. Miaka ile ulikuwa unaomba CD ya Ubuntu inakujia bure kwa posta, mpaka 2011 walipoacha. Mimi nilishusha karibu GB 3 usiku wa manane, mtandao ukiwa umelegea.

Tukaiandika kwenye flashi kwa Rufus, F12, ikawaka. Waifai haikushika, nikachomeka simu kwa waya wa USB, intaneti ikapatikana. Uzuri wake unaweza kuijaribu ikiwa ndani ya flashi tu, diski haijaguswa. Nikaipenda palepale.

Kabla ya kuisimika nilinakili vitu vyangu kwenye diski ya nje ya rumeti. Nilijiona makini kweli: nyaraka, notisi, muziki, vya kwenye deskitopu. Likaja swali: uiweke pembeni ya Windows, au ufute diski yote? Nikachagua futa yote. Ikaniuliza tena kama nina uhakika. Ndiyo.

Siku tatu nilitamba hosteli nzima. Inawaka chini ya dakika moja! LibreOffice imo ndani tayari! Watu wakaja kuangalia.

Siku ya nne dada akapiga.

"Mdogo wangu, kamati ya sendoff wanataka picha ya mama waikuze, iwekwe ukumbini. Ile aliyovaa kitenge cha kijani. Imo humo kwenye laptopu, D, folda imeandikwa Mama."

D. Sikuwahi kuifungua hata siku moja. Mama alifariki 2016, simu zilizokuwa na picha zake zilishaharibika zote, na kamera ya dada iliibiwa. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Ipo dada, nakutumia kesho."

Rumeti hakunicheka. Aliangalia ile mashine ikiwaka mezani, akachomoa waya ukutani. Kwa betri ile, ikafa hapohapo. Akasema kuanzia sasa isiandikwe kitu chochote.

Alivyonieleza ni hivi. Kufuta kwa namna ile hakuikwangui diski. Kinachotupwa ni orodha ya mahali faili zilipo. Picha zenyewe zinabaki zimelala pale hadi kitu kipya kiandikwe juu yake. Diski ya SSD huambiwa isafishe nafasi zilizoachwa, na mara nyingi hupati kitu. Na mimi nilikuwa nadunduliza hela ya SSD ya Kariakoo! Ile diski ya kizamani niliyoitukana miaka miwili ndiyo iliyobaki na mama.

Tukawasha kwa flashi, tukapakua PhotoRec, programu ya bure ya Christophe Grenier. Inapita diski mwanzo mpaka mwisho ikitambua picha kwa baiti zake za mwanzo, kisha inazihifadhi kwenye diski nyingine. Ilianza saa tatu usiku. Umeme ungekatika ningeanza upya, na mnajua wiki ile umeme ulivyokuwa. Sikulala. Nilikaa naisikiliza diski ikikwaruza, nikiombea taa ya korido isizime. Saa kumi alfajiri ikamaliza.

Faili elfu na kitu, hakuna hata moja yenye jina. Zote ni f na tarakimu. Nembo za tovuti, mandhari za Windows, vijisura vya kucheka, na katikati yake mama anapepeta mchele. Mama na ng'ombe. Mama amefumba macho. Nililia, sifichi.

Ya kitenge cha kijani niliipata asubuhi. Nusu yake. Kuanzia kifuani kwenda chini ni kijivu kitupu, Mint imeshaandika vyake pale. Uso umepona wote.

Nikampigia dada nikamwambia ukweli, hata ule uongo wa jana. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekwisha. Halafu akasema, "Sasa unaniambia mama amebaki mabega?"

"Ndiyo dada."

"Kile kitenge mwenyewe alikuwa hakipendi. Alikivaa kwa sababu ya mama mkubwa." Akaanza kucheka, halafu haikuwa kucheka tena.

Fundi wa picha ameikata usawa wa mabega, ameikuza, ipo ukumbini Jumamosi. Zilizobaki tutazipanga dada akija, kwa sababu mimi sijui ipi ni ya lini. Tarehe ya kamera yake haikuwahi kurekebishwa, zote zinasema Januari 2008. Nimeziweka sehemu tatu, mojawapo kwa rumeti, ambaye sasa anadai chipsi mayai kila Ijumaa mpaka tumalize chuo.

Ripoti ya fildi? Nimefika ukurasa wa pili.