Sufuria Iliyostaafu

Nyumba ya askari si mali yake. Amekabidhiwa na serikali kama alivyokabidhiwa sare na bunduki, na siku ya uhamisho hana budi kuirudisha pamoja na funguo zake. Hawezi kubomoa ukuta apendavyo, wala hapandi mwembe akitumaini kula matunda yake, kwa maana mwembe huhitaji miaka na amri ya uhamisho huhitaji usiku mmoja tu. Kilicho chake hasa ni kile kiwezacho kupandishwa kwenye lori: kitanda, godoro, sanduku la nguo na vyombo vya jikoni. Kwa sababu hiyo mke wa askari, awe Bombo, Jinja au Nsambya, hutambulisha nyumba yake kwa vyombo vyake. Kuta ni zilezile kwa jirani wa kulia na wa kushoto. Birika na masinia ndiyo yanayosema nani anaishi ndani.

Miongoni mwa vyombo hivyo sufuria ndiyo yenye utumishi mrefu. Imepika uji wa mtoto wa kwanza, imechemsha maji ya kumkanda mgonjwa, imesonga posho ya wageni waliofika bila taarifa. Kisha siku moja kitako hutoboka, au mkono hung'oka, au ukingo hupinda hata kifuniko kikakataa kukaa. Hapo ndipo swali linapozuka: je, chombo kilichotumika miaka ishirini kiishie jalalani? Wahenga waliokataza kutupa mbachao kwa msala upitao walikwisha kulijibu. Chombo, kama askari, kina haki ya kustaafu kwa heshima na kupewa kazi nyepesi.

Lakini kustaafu huko kuwe kwa wakati wake. Wako wanaozichelewesha sufuria zao jikoni kwa kuzihurumia, na huruma hiyo huweza kudhuru. Bakuli la enameli ni chuma kilichopakwa unga wa kioo na kuchomwa katika joto la karibu nyuzi 800 za Sentigredi, mpaka kioo hicho kikashikamana na chuma. Kikibanduka, vipande vyake huweza kuingia katika chakula, na chuma kilichoachwa wazi hushika kutu. Sufuria za alumini hazishiki kutu ya namna hiyo, lakini zile zinazosubuliwa kutokana na vyuma chakavu vya kila aina huweza kuwa na risasi ndani yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za namna hiyo kutoka Kameruni ulionyesha kwamba risasi hiyo huweza kutoka na kuingia katika chakula kinachopikwa. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Basi chombo kilichobanduka, au kisichojulikana asili yake, kisipikie watu. Kipewe maua.

Asiye na chombo kikuukuu nyumbani hupata sokoni kwa bei ndogo. Katika soko la Owino mjini Kampala, lililoanzishwa mwaka 1971 na leo kuitwa rasmi soko la Mtakatifu Balikuddembe, na katika masoko ya mitumba ya miji mingine, birika lisilo na kifuniko, kikombe kisicho na mkono na sinia lililopoteza rangi huuzwa karibu na bure. Mnunuzi wa jikoni huliinua sufuria juani ili kuona kama limetoboka, na akiuona mwanga humrudishia mwenye duka. Mnunuzi wa maua huliinua vivyo hivyo, na akiuona mwanga hufurahi, kwa kuwa kazi ya kutoboa imepungua. Chujio la mchele lina thamani kubwa zaidi kwake, maana limekwisha kutobolewa kiwandani.

Mtu asidhani kwamba kupamba nyumba kwa vyombo vya kulia ni jambo geni lililoletwa na ufukara. Katika nyumba za mawe za Lamu, ukuta wa chumba cha ndani ulichongwa vidaka vingi vidogo, safu juu ya safu, na katika vidaka hivyo ziliwekwa sahani na bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka nchi za mbali. Huko Mambrui, kaskazini ya Malindi, na Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, watu wa zamani walijenga makaburi yenye nguzo ndefu na kupachika bakuli za Kichina katika nguzo hizo. Bakuli nyingi zimeng'olewa, zimebaki duara tupu katika chokaa. Hata hivyo duara hizo zinatosha kueleza. Watu waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe waliona kwamba bakuli ni kitu cha kutazamwa pia, na hata cha kumheshimia marehemu.

Kazi yenyewe haihitaji fundi. Mwenye kutaka kuigeuza sufuria kuwa chungu cha maua aifudikize juu ya kipande cha gogo, ili chuma kiungwe mkono kwa ndani, kisha atoboe kitako kwa msumari mnene na nyundo. Matundu matano au sita yanatosha kwa sufuria ya kadiri. Enameli huruka vipande vidogo vikali inapogongwa. Kwa hiyo afunike mahali hapo kwa kitambaa, akinge macho yake, na awaondoe watoto karibu. Kikombe cha udongo au cha kaure hakivumilii msumari. Hicho hutobolewa kwa keekee, polepole, mahali pakiwa pamelowanishwa maji, au kisitobolewe kabisa, na kitumike kubeba kikopo kingine kidogo kilichotobolewa.

Juu ya matundu huwekwa vigae au kokoto chache, ili udongo usiyazibe. Kisha hufuata udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga kidogo na samadi iliyooza sawasawa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Udongo usijae hadi ukingoni, bali uache nafasi ya vidole viwili ili maji yasimwagike. Tena yafaa kukumbuka kwamba chuma hupata joto upesi kuliko udongo wa kufinyanga. Sufuria iliyoachwa katika jua la adhuhuri huchemsha mizizi kama ilivyokuwa ikichemsha viazi. Iwekwe barazani, mahali panapopata jua la asubuhi na kivuli cha mchana.

Mimea nayo ichaguliwe kwa tabia zake. Mshubiri, wenye majani mazito yanayohifadhi maji, hustahimili mwenye nyumba anayekwenda zamu na kusahau. Sanseveria, ile yenye majani magumu yasimamayo wima kama mapanga, ni mmea wa Afrika yenyewe na hukua hata katika chumba chenye mwanga mdogo. Ila majani yake yasitafunwe na watoto. Mchaichai hupendeza katika sufuria kubwa, na nana katika birika pana. Lakini mimea ya kuliwa, pamoja na dodo na vitunguu vya majani, ipandwe katika vyombo ambavyo asili yake inajulikana na ambavyo havijaoza kwa kutu. Chombo kilichoondolewa jikoni kwa kushukiwa risasi kisirudishe madhara yaleyale kwa njia ya mboga.

Lipo jambo moja ambalo mpenda maua wa kambini hapaswi kulipuuza hata siku moja, nalo ni maji yaliyotuama. Sahani iliyowekwa chini ya chungu, au birika lisilotobolewa lililoachwa mvuani, ni hospitali ya uzazi ya mbu. Yai la mbu huweza kuwa mbu kamili katika muda wa wiki moja au mbili. Mbu wa aina ya Aedes, anayependa kuzaa katika vyombo vilivyo karibu na watu, hueneza homa ya manjano, dengi na chikungunya. Virusi vya Zika, ambavyo mbu wa jamii hiyo huvieneza pia, vilipewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, ambako viligunduliwa mwaka 1947. Kwa hiyo sahani zote zimwagwe walau mara moja kwa wiki na kusuguliwa kwa brashi, maana mayai ya mbu huyu hung'ang'ania ukingo na huweza kustahimili ukavu kwa miezi.

Vyombo visivyofaa kwa udongo hufaa kwa ukuta na meza. Masinia na vifuniko vya ukubwa mbalimbali, vikisuguliwa kwa majivu na ndimu, hung'aa na kupendeza vikipangwa pamoja. Kwa kuwa ukuta wa serikali haupaswi kujaa misumari, vyombo hivyo hufungwa katika ubao mmoja mrefu, na ubao huo ukaegemezwa juu ya kabati. Siku ya kuhama huondoka na mwenyewe bila kuacha tundu. Wanaoishi katika nyumba za mabati za mviringo, ambazo hazikubali picha wala rafu, huweza kutundika miiko na pawa katika kamba iliyofungwa baina ya nguzo mbili. Chupa ya chai iliyovunjika ndani haina hatari ikiwa kioo chake kimeondolewa chote kwa uangalifu na kufukiwa shimoni. Gamba lake la nje lenye maua yaliyochorwa hubaki kuwa chombo cha kuwekea maua ya kweli.

Katika kambi moja ya polisi aliishi mke wa koplo, ambaye alirithi kwa mama yake bakuli la enameli jeupe lenye ukingo wa buluu. Bakuli hilo lilipotoboka hakuthubutu kulitupa, akapanda mshubiri ndani yake na kuliweka mlangoni. Mume hakupendezwa.

"Mama watoto," alisema, "watu wakipita watasema koplo hana mshahara wa kununua chungu."

"Baba watoto," akajibu, "wanaopita hawamjui mama. Mimi namjua."

Koplo hakuongeza neno. Siku chache baadaye alirudi kutoka kazini na birika kuukuu, limekwisha kutobolewa matundu matatu, akaliweka karibu na bakuli bila kueleza alikolipata. Likapandwa nana. Kila uhamisho ulipokuja, bakuli na birika vilifungwa mwisho na kushushwa kwanza, na watoto wakajifunza kwamba pale vinapowekwa ndipo mlango wa nyumbani ulipo, hata ukiwa katika wilaya ambayo lugha yake hawaijui.

Koplo huyo alifariki kazini. Baada ya matanga, nyumba ikahitajika kwa askari mwingine mwenye watoto wake, na hilo lilikuwa haki, kwa kuwa ndivyo mumewe naye alivyoipata. Wajane wengi wa askari wanaijua siku hiyo, ambayo mtu hufagia chumba asichokuwa na haki ya kukilalamikia. Mama huyo alirudisha funguo, akasaini, akapanda lori akiwa na bakuli mapajani. Birika alimwachia mke wa askari aliyeingia, pamoja na maelezo mafupi kuhusu maji ya nana, kwamba yawe kidogo na ya kila siku. Mgeni alimuuliza kama kweli yuko radhi kuliacha. Alijibu kwamba mume wake alilileta kwa ajili ya mlango ule, na huenda mlango ukapenda kubaki nalo.

Chombo kikuukuu hakilipi pensheni wala hakirudishi mtu. Kinachoweza ni kushika udongo kiasi cha kibaba, na udongo huo ni wa mwenyewe popote anapotumwa. Familia inayoishi kwa amri za uhamisho haina shamba la kurithisha kambini, lakini inaweza kuwa na bustani iliyo na mikono miwili ya kuinulia. Vitawi vichipukavyo kando ya mshubiri hung'olewa na kupewa majirani. Mchaichai hugawanywa shina kwa shina. Na baada ya miaka michache, mimea ya mama mmoja huwa imesambaa katika kambi tatu au nne, katika sufuria ambazo zilikwisha kufutwa kazi.

Jungu kuu halikosi ukoko, na stoo ya askari haikosi sufuria iliyotoboka. Ikitolewa nje leo na kusuguliwa, ikagongwa misumari sita na kutiwa udongo kabla ya mvua za masika, itakuwa na jani jipya kabla amri nyingine haijafika.